Muulize Sista: "Mume wangu anasema hata saa imeona hasira zangu"

Shikamoo Sista. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari ya kutwa hapa Morogoro, nina miaka 38. Kaka yangu anayefanya kazi Dubai aliniletea saa ya mkononi, zile za kisasa zinazopima usingizi na mapigo ya moyo. Kila asubuhi inanionyesha namba ya kitu kilichoandikwa HRV. Yangu inacheza kati ya 22 na 27. Mume wangu ana saa kama hiyo, yake ni hamsini na kitu, na ana miaka 44. Alisoma kwenye simu kwamba mwenye namba ndogo hawezi kutawala hisia zake. Sasa nikipandisha sauti kidogo tu, hata kama ni mtoto kamwaga uji kwenye madaftari ya wanafunzi, ananiambia, "Umeona? Hata saa inasema." Juzi nilijifungia bafuni nikalia. Je, moyo wangu ni mgonjwa? Na saa inaweza kweli kuona hasira za mtu? (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba, mwalimu. Pole sana, na pole zaidi kwa kulia peke yako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitakujibu kwa kirefu kuliko wenzako wa mwezi huu, maana hicho saa inachokupimia mimi nimeishi nacho kazini zaidi ya miaka thelathini, kabla watu hawajaanza kukivaa mkononi.

Nianze na hofu yako. Namba hiyo peke yake haisemi kwamba moyo wako ni mgonjwa, na saa haijaona hasira zako. Saa imemulika mwanga kwenye ngozi, ikasoma damu inavyopita, ikapima muda kutoka pigo moja hadi jingine, kisha ikakokotoa muda huo unabadilika kwa milisekunde ngapi; hiyo ndiyo HRV. Basi. Hasira, homa, uchovu, mapenzi, hakuna hata kimoja chenye herufi yake pale kwenye kioo.

Ila sitakudanganya kwamba hakuna uhusiano wowote. Upo, na inafaa uujue vizuri ili mtu asije akautumia kukusimanga. Ngoja kwanza nikupeleke leba.

Nilianza ukunga mwaka 1983, na kifaa changu kilikuwa fetoskopu, kile kipembe kinachowekwa juu ya tumbo la mama, sikio lako upande wa pili, macho kwenye saa. Tulihesabu mapigo ya mtoto. Siku hizi kawaida tunasema ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mkunga mzee aliyenilea kazini, Mungu amrehemu, hakuwa anaridhika na hesabu. Ukimwambia, "Mia na arobaini, Sista," anakuuliza, "Unacheza au umenyooka?" Mwanzoni sikumwelewa. Nilielewa baada ya kusikiliza mamia ya watoto. Moyo wa mtoto aliye salama tumboni hautulii mahali pamoja. Akijinyoosha unapanda, akitulia unashuka, na hata katikati ya hapo unachezacheza. Baadaye ilipokuja mashine ya CTG, ile inayochora mstari kwenye karatasi, nikauona kwa macho ule mchezo niliokuwa nausikia kwa sikio: mstari wenye meno meno kama msumeno, ukipanda na kushuka kwa mapigo kama 5 hadi 25.

Usiku mmoja muuguzi kijana alikuwa ameandika "140, nzuri" kwenye faili la mama mmoja. Ilikuwa 140 kweli. Lakini mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Tulimlaza mama ubavu, tukasubiri, kwa sababu mtoto tumboni hulala pia, na akilala mstari unaweza kunyooka hata dakika 40. Zikapita. Mstari haukurudi kucheza. Nikamwamsha daktari. Mtoto yule alitolewa kwa upasuaji akiwa amechoka, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, tukampa hewa kwa mfuko na barakoa hadi akalia. Alikuwa wa kiume. Mama yake bado tunasalimiana sokoni.

Kuna watafiti wa Marekani, Hon na Lee, walioliandika jambo hili miaka ya 1960: mtoto anapoanza kuzidiwa tumboni, tofauti ndogondogo kati ya pigo na pigo hubadilika kwanza, kabla kasi ya moyo yenyewe haijaonyesha lolote la maana. Yule mkunga mzee hakuwa amewasoma. Sikio lake lilimfundisha.

Basi hicho ndicho saa yako inachokipima. Watu wengi hudhani moyo mzuri ni ule unaokwenda tiki-taka kama saa ya ukutani. Sivyo. Ukiwa umekaa na moyo unapiga mara 60 kwa dakika, pengo kati ya mapigo haliwi sekunde moja kamili kila mara. Litakuwa milisekunde 960, kisha 1,040, kisha 990. Jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi polepole, utahisi mapigo yanakaribiana. Ishushe polepole, yanaachana. Kwa vijana hilo ni dhahiri kabisa. Kwa sisi wa miaka sitini lazima utulie ndipo ulisikie.

Anayefanya hivyo ni neva inayoitwa vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni na kuendelea hadi tumboni. Moyo una kituo chake chenyewe cha umeme, na kikiachiwa bila kuguswa kingepiga kama mara 100 kwa dakika. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa moyo wa mtu mwingine, ambao neva zake zimekatwa, akikaa tu mapigo yake huwa ya kasi na yaliyonyooka. Sisi wengine tunapiga 60 au 75 kwa sababu vagasi imeshika hatamu muda wote, inalegeza kidogo tukivuta pumzi, inakaza tukiishusha.

Mwaka 1921, huko Graz nchini Austria, Otto Loewi alichukua mioyo ya vyura wawili ikiwa bado inapiga. Akaisisimua vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachota maji yaliyokuwa ndani ya moyo ule akayatia kwenye wa pili, ambao neva yake haikuguswa, nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva ile hutoa kitu! Kitu hicho leo tunakiita asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lile aliliota usingizini, akaamka akaliandika kwenye kikaratasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake, na usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakungoja asubuhi. Nalipenda sana jambo hili, na lina maana kwako: asetilikolini hufika na kutoweka upesi, ndani ya pigo moja au mawili, wakati adrenalini na jamaa zake huchukua sekunde kadhaa kuanza kazi na hukawia kuondoka. Kwa hiyo zile tofauti ndogo za pigo kwa pigo ni mwandiko wa vagasi hasa.

Sasa tuje kwenye uji uliomwagika.

Mtoto kamwaga, madaftari yamelowa. Sehemu moja ndani ya ubongo, amigdala, inapiga yowe kabla hujafikiri lolote. Sekunde inayofuata, ubongo wa mbele, hapo nyuma ya paji la uso, unasema: ni uji, ni mtoto wa miaka mitatu, madaftari yatakauka. Ule ubongo wa mbele una njia za kuituliza amigdala, na njia hizo zinaendelea kushuka hadi chini ya ubongo, vagasi inakoanzia. Julian Thayer na Richard Lane walilieleza hili mwaka 2000, kwamba mtandao unaotusaidia kutawala hisia unashirikiana njia na mtandao unaoongoza moyo. Ndiyo maana watafiti huiangalia vagasi kama dirisha. Kupitia dirisha hilo wanakisia jinsi ubongo wa mbele unavyofanya kazi yake ya kutuliza.

Lakini ni dirisha dogo, mwalimu. Mwaka 2017 watafiti wawili, Holzman na Bridgett, walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha namba hizi na uwezo wa watu kujitawala. Walikuta uhusiano upo, ila ni mdogo sana. Ukiwa na watu elfu kadhaa, utauona. Ukiwa na mke mmoja na mume mmoja jikoni, huwezi kuutumia kusema nani atapiga kelele leo. Wewe unafundisha hesabu, unajua tofauti kati ya wastani wa darasa na alama ya mtoto mmoja aliyekaa mbele yako.

Na namba ya mtu haipimwi kwa namba ya jirani. Kuna waliozaliwa na vagasi yenye mwandiko mkubwa na waliozaliwa na mdogo. Umri huipunguza. Homa huishusha, pombe ya jana usiku huishusha, kukosa usingizi huishusha. Kwa wanawake, nyingi hushuka zile siku za kabla ya hedhi kisha zikapanda tena, jambo ambalo mume hawezi kuliona kwenye saa yake hata akiivaa miaka kumi. Halafu saa ya mkononi ukitikisa mkono inakosea. Wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani walipoweka kanuni za kipimo hiki mwaka 1996, walitaka ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mtu ametulia, dakika 5 kamili kwa kipimo kifupi au saa 24 kwa kirefu. Kama unapenda kuiangalia saa yako, jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita, tena kwa wastani wa wiki nzima. Mtoto aliyelala tumboni anaweza kukunyooshea mstari dakika 40 na hana neno. Kipimo kimoja cha asubuhi moja hakimhukumu mtu.

Kuna kipande cha barua yako ambacho sikukinakili hapo juu kwa kukosa nafasi. Umeandika kwamba unaamka saa kumi alfajiri kuwaandaa watoto, una mikondo miwili yenye wanafunzi zaidi ya themanini kila mmoja, na unasahihisha hadi saa sita usiku. Hayo ni masaa manne ya kulala. Ningependa wewe na mwenzio mkae mezani na saa zenu zote mbili, lakini msifungue ukurasa wa HRV. Fungueni ukurasa wa usingizi. Angalieni yeye amelala saa ngapi na wewe saa ngapi kwa wiki mbili zilizopita. Nadhani mazungumzo yatakuwa tofauti.

Na umsomee hapa, kwa heshima zote: baba, mke anayejua kwamba kila akipandisha sauti atasomewa namba, anaishi akiwa amejihami. Mwili ukijihami, vagasi huachia hatamu. Ukitaka namba ya mwenzio ipande, amka wewe saa kumi siku mbili kwa wiki.

Hospitali uende lini? Ukizimia au kukaribia kuzimia, moyo ukidunda ovyo bila sababu, kifua kikibana, ukiishiwa pumzi kwa kupanda ngazi ulizokuwa unazipanda bila shida, au miguu ikivimba. Hayo ndiyo ya kukupeleka kupimwa ECG. Namba 22 bila hayo, hapana.

Shikamoo mama. Mimi dereva wa daladala, Mbagala. Foleni, trafiki, abiria wa kugombana na konda, hesabu ya tajiri, mpaka jioni kichwa kinagonga. Konda wangu alisikia redioni kwamba ukikasirika uvute pumzi. Nikawa navuta kwa nguvu mara nyingi mpaka nikasikia kizunguzungu na vidole vinawaka. Hii kitu inafanya kazi au maneno tu? (Dereva, Mbagala)

Marahaba, mwanangu. Konda wako hakukosea, ila alikupa nusu ya dawa. Umevuta. Hukushusha.

Kiswahili chetu kinalijua hili kuliko redio. Mtu akiondokewa na hofu tunasema ameshusha pumzi. Nimekueleza hapo juu, kwenye jibu la mwalimu, kwamba vagasi hukaza hatamu tunapotoa hewa. Wewe ulivyokuwa unavuta kwa nguvu na kwa haraka, ulikuwa unalegeza hatamu kila mara na kumwaga hewa ya kaboni nje kupita kiasi. Hiyo kaboni ikipungua sana kwenye damu, kichwa huzunguka na vidole huwaka. Si ugonjwa, na hupita, lakini usiirudie hasa ukiwa umeshika usukani.

Fanya hivi. Kabla hujawasha gari alfajiri, kaa kwenye kiti chako, funga mdomo, vuta kwa pua ukihesabu moja hadi nne. Usijaze kifua, vuta ya kawaida tu. Kisha shusha ukihesabu moja hadi sita, kama unayepoza chai. Nne na sita ni sekunde kumi, kwa hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Endelea dakika kumi. Ukisikia kizunguzungu, unavuta nyingi mno. Punguza ujazo, acha mwendo uleule.

Kwa nini sita? Mwili una vipima presha kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua. Presha ikipanda, vinaiambia vagasi ipunguze mwendo wa moyo. Presha ikishuka, vinaiambia ilegeze. Taarifa hiyo huchukua kama sekunde tano kwenda na matokeo kuonekana. Ukipumua kwa mzunguko wa sekunde kumi, pumzi yako na taarifa ile zinakutana. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea ya kamba chini ya mwembe: ukimsukuma kila anaporudi, kwa nguvu kidogo tu anapaa juu. Ukimsukuma ovyo, mnagongana. Paul Lehrer na Evgeny Vaschillo ndio waliofanya kazi kubwa ya kuutafuta mwendo huo, na walikuta watu wazima wengi wanaangukia kati ya pumzi nne na nusu na sita na nusu kwa dakika.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, nchini Italia, waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakirudia maneno ya ibada ya yoga. Yote mawili yaliwafikisha karibu na pumzi sita kwa dakika, bila mtu kuhesabu chochote. Mimi ni Mkatoliki na sikushangaa. Jirani yangu Bi Zainabu anakaa barazani na tasbihi yake kila baada ya Alasiri, na nikimwangalia mabega yanavyoshuka nakumbuka utafiti ule. Kama una sala yako unayoipenda, ya maneno yanayojirudia, tumia hiyo badala ya kuhesabu.

Umeuliza kama ni maneno tu. Nitakupa yote mawili. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 24 zenye jumla ya watu 484 waliofundishwa kupumua hivi huku wakiona mapigo yao kwenye kifaa, na wasiwasi na msongo vilipungua kwa kiasi cha kuridhisha. Hiyo ni habari njema. Lakini baadaye huko Marekani vijana 106 wenye afya waligawanywa makundi mawili, wakafanya mazoezi kila siku kwa wiki 5. Waliokuwa wakiongeza kupanda na kushuka kwa mapigo walionekana kuwa na mawasiliano zaidi kati ya amigdala ya upande wa kushoto na ubongo wa mbele. Ubongo ulikuwa umeguswa. Lakini kwa wasiwasi, huzuni na hali ya moyo ya kila siku, makundi hayo hayakutofautiana. Mimi nayasoma hivi: mwenye mzigo anaweza kutuliwa, asiye na mzigo huna cha kumtua. Wewe, kwa barua yako, una mzigo. Jaribu wiki tano, asubuhi na ukiwa umeegesha mwisho wa ruti.

Barabarani penyewe usianze kufanya mazoezi. Trafiki akikusimamisha, shusha pumzi moja ndefu kabla ya kushusha kioo. Nilifanya hivyo miaka mingi mlangoni mwa wodi, mkono kwenye kitasa, kabla ya kuingia kumwambia mama habari ambayo hakuna mama anayetaka kuisikia. Haikuniondolea uchungu. Ilinipa sauti ya kuongea naye.

Hesabu ya tajiri siiwezi, mwanangu. Pumzi haiishushi.

Bi Mkunga, salaam. Nimelelewa kwamba mwanamume hujikaza. Nduguyangu alipofariki mwaka jana mimi ndiye niliyesimamia kila kitu, maziko hadi hitima, na sikutoa chozi. Watu walinisifu. Sasa usiku nikilala moyo hunidunda, na mchana nawafokea wanangu kwa jambo dogo. Nilidhani kujikaza ndiko kutawala hisia. Nimekosea wapi? (Baba watatu, Mombasa)

Wa alaykum salaam, na Mungu amrehemu nduguyo. Hukukosea kusimama. Mtu lazima asimame siku ile, kaburi lichimbwe na watu wale. Ila kujikaza ni kazi ya siku ile, na wewe umeifanya mwaka mzima.

Kuna watafiti wawili, James Gross na Robert Levenson, walioandika mwaka 1993 kuhusu jaribio hili: watu walionyeshwa filamu fupi ya kuchukiza, baadhi wakaambiwa waangalie tu, wengine wakaambiwa wafiche, uso usionyeshe kitu. Waliojificha nyuso zilitulia kweli. Lakini waliposimulia walivyohisi, karaha ilikuwa ileile. Na ndani ya mwili dalili za kuhamaki zilizidi: ngozi ilitoa jasho zaidi, mishipa ya vidole ilibana zaidi. Uso ulitulia, mwili ukalipa. Huku kwetu tunasema mtu anakufa na tai shingoni, na nadhani mnalielewa hata huko Mombasa.

Kutawala hisia kuna njia nyingine, ambayo Gross mwenyewe ameiandikia sana: kulitazama jambo upya kabla halijakukaba. Mtoto akivunja kikombe, kabla ya kufoka, unajiambia, "Huyu naye amempoteza ami yake, na hajui aseme vipi." Hapo hujaficha hasira. Umeipa jambo jingine la kuangalia. Na kuna njia ya tatu, ya wazee: kulia. Miezi kumi na mbili bado si kuchelewa. Nenda kaburini na mtu mmoja unayemwamini, msome mnachosoma, kisha umzungumzie marehemu, jinsi alivyocheka, alivyokuudhi, yote.

Kudunda kwa moyo usiku ukapimwe pia. Usikubali mtu yeyote, hata mimi, akuambie ni huzuni tu kabla daktari hajasikiliza moyo, hajapima presha, damu na tezi ya shingo. Vikiwa salama na bado hulali, omba kuonana na mshauri nasaha. Mwanamume anayekwenda huko bado ni mwanamume.

Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 67, yuko Tabora, ana kisukari miaka 15 na anatumia atenolol ya presha. Nilimnunulia saa. HRV yake ilikuwa 14, 15, tukawa na wasiwasi. Tukaanza naye yale mazoezi ya kupumua uliyoandika mwaka jana. Wiki hii imepanda ghafla hadi 110! Yeye anasema amechoka kidogo tu. Nimefurahi sana, nakushukuru. (Binti, Tabora)

Marahaba, mwanangu. Barua hii sikuisubirisha zamu yake. Nilimpigia simu binti huyu siku ileile ilipofika, na ninaichapa hapa kwa ruhusa yake na ya mzee.

Kisukari cha miaka mingi huweza kuiharibu vagasi, kwa hiyo 14 au 15 kwa mzee kama huyo inaelezeka. Mazoezi ya kupumua hayawezi kuipandisha hadi 110 kwa wiki. Kinachoweza kuipandisha hivyo ni moyo kupoteza mpangilio, vyumba vya juu vikitetemeka badala ya kupiga, na mapigo yakaja ovyo: matatu ya haraka, pengo, moja, pengo refu. Saa huona tofauti kubwa kati ya pigo na pigo na kuandika namba kubwa. Ule si mchezo wa vagasi. Hauna uhusiano na pumzi wala utulivu. Na kwa kuwa atenolol inazuia mapigo yasiende mbio, mzee hakusikia moyo kudunda. Alisikia uchovu tu. Hatari yake ni damu kuganda ndani ya moyo na kipande kikapanda ubongoni, mtu akapooza.

Nilimwambia binti amshike baba mkono, ahesabu dakika nzima, aniambie kama yanafuatana. Akanyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Sista, hayana mwendo." Asubuhi yake walikuwa hospitali ya mkoa, ECG ikaonyesha hilo hilo, na mzee ameanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Saa bado anayo, ila ile namba hawaiangalii tena. Kila siku kabla ya chai binti huketi karibu naye, vidole viwili kwenye mshipa, na kuhesabu dakika nzima huku mzee akiwa kimya.